Kabla hujarudisha funguo: kusafisha nyumba ya kupanga Dodoma

Ukiona mtu anaanza kusafisha nyumba ya Dodoma kwa kumwaga maji sebuleni, ujue kazi hiyo itarudiwa. Vumbi la huku ni laini kama unga wa uwele. Likikutana na maji linageuka tope jembamba linaloingia kwenye mistari ya taili, chini ya fremu za milango na kwenye reli za madirisha. Sakafu ikikauka inabaki na mawingu ya rangi ya udongo. Mtu anadeki tena, mawingu yanahama tu kutoka kona hii kwenda ile, ndoo zinaisha, na bomba nalo limekata kwa sababu ni zamu ya mtaa mwingine.

Kwa hiyo kanuni ni moja: maji ni ya mwisho. Kila uchafu una dawa yake, na maji peke yake ni dawa ya uchafu mchache sana. Vumbi huondolewa likiwa kavu. Mafuta na masizi yanataka kitu cha jamii ya magadi. Chumvi nyeupe iliyoganda kwenye bomba na chooni inataka kitu kichachu, yaani siki, ndimu au dawa ya choo yenye asidi. Ukungu unataka Jik. Ukichanganya mambo hapa, kwa mfano ukipiga Jik kwenye chumvi ya bomba, utasugua mpaka jioni na chumvi itabaki palepale, nyeupe zaidi kuliko mwanzo.

Chumvi hiyo wageni wanaotoka Dar huishangaa. Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili inatoka visimani, vile virefu vya Mzakwe kwenye bonde la Makutupora na vingine vya mitaani, na maji ya visima huja yamebeba madini ya mawe yaliyopita. Yakikauka juu ya kitu, madini yanabaki. Mwaka mmoja wa matone ya bomba unatosha kujenga ukoko unaoweza kuukwangua kwa ukucha.

Siku ya kusafisha iwe na nyumba tupu

Kodi inapoisha tarehe 30, vitu vitoke tarehe 28. Siku moja ya nyumba tupu ina thamani kuliko siku tatu za kusafisha huku umezungukwa na makochi. Watu wengi huhama siku ileile ya mwisho, wanapakia kwenye Canter mpaka usiku, halafu wanafagia kwa tochi ya simu. Nyuma ya friji na chini ya kitanda ndiko kulikolala uchafu wa miaka miwili, na huwezi kuufikia mpaka vitu vitoke.

Vifaa vya usafi visipakiwe na vyombo vingine. Tenga fagio la chelewa kwa ajili ya nje na fagio laini kwa ndani, fagio la mti mrefu la kutolea buibui, ndoo mbili za lita 10, dekio, matambara sita ya pamba (fulana zilizochoka ndizo bora, kwa sababu hazitoi nyuzi), brashi ngumu ya kusugulia, mswaki mkuukuu, kisu butu cha plastiki, glavu na barakoa. Dawa: siki lita mbili, magadi ya sokoni robo kilo, sabuni ya maji nusu lita, Jik chupa ndogo, ndimu tano au sita. Ukipata unga wa sitriki kwenye duka la malighafi za sabuni, chukua gramu 200. Unafanya kazi ya siki kwa nguvu zaidi na haunuki.

Maji yawekwe akiba kabla. Nyumba ya vyumba viwili na sebule, ikisafishwa kwa utaratibu huu wa kavu kwanza, inaweza kumalizwa kwa pipa moja la lita 200. Ikisafishwa kwa kumwaga, pipa hilo linaishia sebuleni.

Kazi kavu, kuanzia darini

Anza chumba cha mbali kabisa na mlango wa kutokea, na ndani ya kila chumba anza juu. Zungushia fagio la mti mrefu kitambaa kikavu, pitisha kwenye kona za silingibodi, kisha juu ya fremu za milango na mapelmeti ya mapazia. Silingibodi isiguswe na kitambaa kilicholowa. Ile ya jipsamu ikipata maji inatoa doa la kahawia lisilofutika, na mwenye nyumba atadhani paa linavuja.

Pangaboi lizimwe kwenye swichi kuu, siyo ya ukutani tu. Chukua foronya kuukuu, vika panga moja mpaka shinani, bana kwa mikono miwili na vuta polepole. Vumbi lote linaingia ndani ya foronya badala ya kukudondokea machoni. Kisha pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo. Usiyakandamize mapanga kwa chini, yakipinda hata kidogo feni itatikisika kila ikiwashwa.

Soketi na swichi hufutwa kwa kitambaa kikavu, na alama za vidole zinazobaki huondoka kwa kitambaa kilichochovywa kwenye maji ya sabuni kisha kikakamuliwa mpaka hakitoi hata tone. Umeme ukiwa umezimwa, nasisitiza.

Fungua madirisha ya upande mmoja tu, ule ambao upepo unatoka nao kwenda nje, siyo ule unaoingilia. Ukifungua pande zote kwenye miezi ya upepo, ile ya kiangazi kabla ya mvua za Desemba, unaingiza vumbi kwa kasi kuliko unavyolitoa. Asubuhi na mapema kuna utulivu zaidi, basi kazi kavu yote iishe kabla jua halijapanda.

Fagia mara mbili. Mara ya kwanza kawaida, mara ya pili baada ya nusu saa, kwa sababu vumbi laini huelea kwanza kisha hutua. Kama unaona linaruka sana, loweka gazeti, likamue, lichanechane na utandaze vipande sakafuni kisha ufagie navyo. Vinalishika vumbi bila kulifanya tope.

Jikoni

Ukuta uliokaa nyuma ya jiko kwa mwaka mzima una tabaka la mafuta, juu yake vumbi, juu yake masizi kama kulikuwa na jiko la mkaa. Sabuni ya kawaida inalitelezesha tu. Chemsha lita moja ya maji, tia vijiko vinne vya mezani vya magadi, koroga, acha yatulie kisha chuja kwa kitambaa. Usiruke hatua ya kuchuja. Magadi ya sokoni yana mchanga, na mchanga ule ukisuguliwa kwenye taili za kung'aa au rangi ya mafuta unaacha mikwaruzo.

Pakaza yakiwa ya moto kiasi cha kuvumiliwa na glavu, subiri dakika 10, sugua kwa duara ndogondogo, kisha suuza kwa maji safi mara mbili. Magadi yakibaki ukutani yanakauka na kuwa unga mweupe, ukaulizwa ni nini. Yasiguse aluminiamu: fremu za dirisha la jikoni, vichwa vya majiko mengi ya gesi na masufuria yote hugeuka meusi. Kwa vitu hivyo tumia sabuni ya maji na maji ya moto, uvumilie.

Makabati ya MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa, ni adui wa maji. Yafutwe kwa kitambaa kilichokamuliwa, kingo zikaushwe papo hapo. Ubao ule ukinywa maji kwenye kingo unavimba, na ukivimba haurudi hata ukianikwa wiki. Ndani ya kabati tazama kona za juu na bawaba. Mende hutaga huko, na vifuko vyao vya kahawia vilivyo kama punje ndogo viondolewe kwa kisu butu na vitupwe nje, visifagiliwe chini.

Chini ya sinki kuna kikombe cha plastiki kinachofunguka kwa mkono. Weka ndoo chini yake, zungusha, toa. Utakuta mchanga wa Dodoma umeshikana na mafuta yaliyoganda, na ndiyo sababu sinki limekuwa likishusha maji kwa uvivu. Osha kwa maji ya moto na sabuni, angalia mpira umekaa kwenye mfereji wake, rudisha na ukaze kwa mkono bila spana. Watu hupenda kumwaga kostiki badala ya kufanya hivi. Kostiki ikikutana na maji inachemka kwa joto lake yenyewe, mabomba ya plastiki yanapinda, na kama bomba halikuzibuka unamwachia fundi anayekuja sumu iliyosimama ndani.

Bafuni na chooni, kwenye chumvi yenyewe

Hapa ndipo makabidhiano mengi yanapoharibikia, kwa hiyo tukae kidogo.

Bomba. Loweka kitambaa kwenye siki, kizungushe kwenye shingo na mdomo wa bomba, juu yake funga mfuko wa plastiki na raba ili siki isikauke. Acha nusu saa. Fungua, sugua kwa mswaki, suuza, kausha. Kama ukoko ni mnene, rudia mara ya pili. Usiache usiku kucha, kwa sababu siki ikikaa muda mrefu inakula ule mng'ao wa bomba na kuacha madoa ya kijivu. Mabomba ya rangi ya dhahabu ni ya hatari zaidi, dakika tano zinatosha. Na waya wa kusugulia sufuria usifike bafuni kabisa.

Kichwa cha shawa kinafunguka kwa mkono au kwa spana iliyovikwa kitambaa. Kitumbukize kwenye kopo la siki ya uvuguvugu kwa saa moja. Utaona vipovu vidogo vikipanda, hiyo ndiyo chumvi inayeyuka. Vipovu vikikoma na vitundu bado vimeziba, siki imechoka, badilisha. Malizia kwa kuchokoa kila kitundu kwa sindano au njiti ya kiberiti.

Taili za bafuni zenye utando mweupe mara nyingi zina vitu viwili vilivyogandamana: chumvi ya maji na mafuta ya sabuni. Siki peke yake inahangaika na mafuta, sabuni peke yake inashindwa chumvi. Anza na maji ya moto yenye sabuni, sugua, suuza, ndipo upake kitu kichachu. Sitriki vijiko vitatu vya mezani kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu ni kipimo kizuri. Kwanza lowesha mistari ya grauti kwa maji matupu ili ishibe, vinginevyo inafyonza asidi na kuliwa taratibu, kwa kuwa grauti nayo ni sementi. Dakika 10, sugua, suuza kwa maji mengi.

Kwa sababu hiyohiyo, nyumba yenye sakafu ya sementi au teraso haipelekewi siki, ndimu wala dawa ya choo. Asidi inayeyusha chokaa iliyo ndani ya sementi na vipande vya mawe ya teraso. Tone moja la dawa ya choo likidondoka na kuachwa linatoa doa jeupe lisilo na mng'ao, na hakuna polishi itakayolificha.

Choo cha kukaa kina ule mstari wa kahawia pale maji yanapoishia. Kosa la kawaida ni kumwaga dawa juu ya maji yaliyomo, ikazimuliwa na kuwa si kitu. Funga koki ya tangi, vuta maji, kisha kwa brashi yasukume yaliyobaki yapite kwenye kona mpaka bakuli liwe karibu tupu. Sasa tandika karatasi za chooni kwenye mstari wote na uziloweshe kwa maji ya sitriki yenye nguvu, vijiko vitano kwa nusu lita. Acha usiku kucha, maana udongo uliofinyangiwa choo hauharibiki kwa asidi hii. Asubuhi toa karatasi kwa mkono wenye glavu na usugue. Dawa ya dukani yenye asidi inafanya kazi hiyo kwa nusu saa hivi, lakini soma chupa na ufungue dirisha. Choo cha kuchuchumaa ni hivyohivyo, na zile sehemu za kukanyagia zenye mistari zinataka mswaki mkuukuu, brashi kubwa haifiki.

Jik na dawa ya choo zisikutane. Wala Jik na siki, wala Jik na ndimu. Vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini, na chumba cha choo cha mita moja kwa mbili chenye kidirisha kimoja kinajaa haraka kuliko mtu anavyoweza kujua. Jik hata kwenye choo kinachonuka mkojo inatoa mvuke unaochoma koo na macho, kwa hiyo mwaga maji ya kutosha kwanza. Kama unataka kutumia vyote viwili, asidi iwe leo, suuza vizuri, Jik iwe kesho. Ukisikia harufu kali ya ghafla, toka nje kwanza, maswali baadaye.

Doa la kutu chini ya bomba au pale ndoo ya chuma ilipokuwa ikikaa usilipelekee Jik. Jik inaikaza kutu. Kamua ndimu, tia chumvi ya mezani, pakaza, acha saa moja bila kukauka, sugua. Ukungu mweusi kwenye kona za juu ndio kazi ya Jik: kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji ya baridi, pakaza, dakika 15, suuza. Maji ya moto yanaipunguza nguvu.

Na tangi la choo lifunguliwe mfuniko. Ndani kuna tope jekundu lililotulia chini na ukoko kwenye ule mkono wa boya. Ukoko huo ndio unaofanya choo kilie usiku kucha. Funga koki, vuta maji, futa tope kwa tambara, funga kitambaa cha siki kwenye valvu kwa nusu saa, fungua tena. Mara nyingi kilio kinakoma, na umeepuka kukatwa pesa ya fundi.

Kuta

Kabla ya kugusa ukuta, jua rangi yake. Sugua sehemu iliyojificha kwa kitambaa chenye unyevu. Kitambaa kikitoka na rangi, hiyo ni rangi ya maji ya bei nafuu, na kuisafisha kwa nguvu ni kuitoa. Hiyo ifutwe kwa kitambaa kikavu tu, na alama moja moja kwa kifutio cha penseli. Rangi ya mafuta au ya hariri inavumilia sabuni. Ioshe kuanzia chini kwenda juu. Inaonekana kinyume, lakini maji machafu yakitiririka juu ya ukuta mkavu wenye vumbi yanaacha michirizi inayokataa kutoka, wakati yakitiririka juu ya sehemu iliyokwisha kulowa yanafutika.

Misumari ing'olewe kwa koleo, ukiweka kipande cha ubao chini yake ili koleo lisibonyeze plasta. Ule msumari wa zege uliokwama uzungushe kwanza kushoto na kulia. Tundu liondolewe vumbi, lilowanishwe kwa tone la maji, kisha ukorogee unga wa jipsamu kidogokidogo, vijiko vitatu kwa mkupuo, maana unaganda ndani ya dakika chache. Shindilia kwa kisu bapa, acha kidogo kimezidi, kikikauka piga msasa laini. Alama za gundi ya picha kwenye taili au kioo hutoka kwa mafuta ya kula kisha sabuni. Kwenye rangi ya maji usithubutu mafuta, yanazama na kubaki doa la milele.

Kama mkataba unasema upake rangi, paka ukuta mzima kuanzia kona hadi kona. Kiraka cha krimu juu ya krimu ya miaka mitatu huonekana kutoka getini. Ukuta wa mita nne kwa tatu unakula takriban lita moja kwa mkono mmoja, na utahitaji mikono miwili. Ukuta wa jikoni uoshwe kwa magadi na kusuuzwa kwanza. Rangi juu ya mafuta inabanduka, na masizi hupenya rangi ya maji na kutokeza tena kama kivuli cha njano.

Sasa kuna vitu viwili ukutani ambavyo si uchafu wako, na usikubali kuvibeba. Cha kwanza ni ule unga mweupe unaochomoza sentimita chache juu ya sakafu, rangi ikivimba na kumenyuka. Ni unyevu wa ardhini unaopanda kwenye tofali na kuacha chumvi yake pale unapokauka. Ukiuosha, chumvi inayeyuka, inarudi ndani ya plasta, na baada ya wiki imetokeza upya. Ufagie ukiwa mkavu kwa brashi, uzoe utupe, basi. Cha pili ni njia za udongo za mchwa kwenye fremu za milango. Usizikwangue kabla mwenye nyumba hajaziona. Ukizifuta umeficha ushahidi na mchwa wanaendelea kula ndani, kisha fremu ikikatika utaulizwa wewe. Piga picha, mtumie mapema.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inamtaka mpangaji arudishe jengo kama alivyolikuta, ila uchakavu wa kawaida haumhusu. Rangi iliyofifia kwa jua ni uchakavu. Mchoro wa mtoto kwa kalamu ya wino hauingii humo.

Madirisha, kisha sakafu

Nyavu za mbu zipigwe brashi kavu pande zote mbili kabla ya tone la maji. Reli za aluminiamu zitolewe vumbi kwa brashi ya kupakia rangi, kona zichokolewe kwa njiti, na yale matundu madogo ya upande wa nje yazibuliwe, kwa kuwa ndiyo yanayotoa maji ya mvua. Yakiziba, maji hurudi ndani na kuchafua ukuta. Vioo visioshwe jua la saa sita, sabuni inakauka kabla hujaifuta. Maji ya Dodoma yakiachwa yakauke yenyewe kwenye kioo yanaacha madoa meupe, hivyo mkono wa mwisho uwe siki na maji nusu kwa nusu, kisha gazeti kavu.

Sakafu ya taili: kijiko kimoja kikubwa cha sabuni ya maji kwa ndoo ya lita 10, kisizidi. Sabuni ikizidi inabaki kama gundi, na vumbi la jioni linanasa juu yake, ndiyo maana nyumba nyingine huonekana chafu saa chache baada ya kudekiwa. Ndoo ya pili iwe ya kusuuzia dekio. Maji yasipoonyesha tena chini ya ndoo, mwaga. Deki kwa kurudi nyuma kuelekea mlangoni, kisha kausha kwa tambara kavu, usiache upepo ukukaushie. Sakafu ya sementi iliyopigwa nta ifutwe kwa unyevu kidogo, ipakwe nta nyembamba, ising'arishwe mpaka ikauke.

Nje fagia kibaraza na mfereji wa maji. Doa la mafuta ya pikipiki lifunikwe kwa majivu makavu usiku mmoja, lifagiliwe, kisha lipigwe magadi ya moto. Takataka zisichomwe juu ya pevingi, moto unapasua na kuacha duara jeusi. Godoro bovu na kochi lililovunjika viondoke navyo, visibaki nyuma ya nyumba kwa matumaini kwamba mama mwenye nyumba hatafika huko. Atafika huko kwanza.

Mita na makabidhiano

Wiki za mwisho nunua umeme kidogokidogo, kwa sababu uniti zilizobaki kwenye LUKU hazihami nawe. Yale makato ya kodi ya jengo yanayopitia LUKU tangu 2021 ni kodi ya mwenye jengo ingawa anayekatwa ni anayenunua, kwa hiyo kama hamkuwahi kukubaliana, hesabu hiyo ifanywe kabla ya siku ya funguo. Bili ya maji ya DUWASA ilipwe, mita ya maji ipigwe picha namba zikisomeka, na ya umeme vilevile.

Makabidhiano yafanyike mchana, kwenye mwanga, na mwenye nyumba mwenyewe. Dalali hana neno la mwisho kuhusu hali ya nyumba. Ingieni kila chumba pamoja: "Baba, hii taa inawaka, hili bomba linafungika, hiki choo kinavuta." Washa, fungua, vuta, mbele yake. Chochote anachosema hakijakaa sawa kiandikwe kwenye karatasi moja pamoja na makadirio ya gharama, nyote mtie saini, kila mmoja apige picha. Akisema "tutaongea tu", andika hivyohivyo na tarehe. Funguo zihesabiwe na idadi iandikwe, pamoja na ya geti na ile ya stoo ambayo kila mtu huisahau mfukoni.